Koko Gavana kwa Bei ya Sufuria

Ndugu yangu, kama umeoa, na chini ya paa lako kuna mama mkwe, shemeji na kompyuta kuukuu, sogea tukae pamoja; sisi hatuhitaji kuelezana sana. Kama unacho kimoja tu kati ya hivyo vitatu, sikiliza ujue kinachokusubiri.

Nyumba yetu iko Lisungwi, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kwa miaka mingi ilitutosha. Ukaja mwaka 2023. Serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na mdogo wake mke wangu, aliyekuwa na duka Lilongwe, akarudi. Alirudi na duka zima. Alishusha kwenye pikapu marobota ya vikwembe, yaani vitenge, sufuria za alumini zilizotumbukizwa moja ndani ya nyingine, mabeseni, saa za ukutani, gunia la viatu vya watoto ambavyo vingi havina mwenzake, na ubao wa dukani ulioandikwa kwamba leo hakopeshwi mtu. Jua halijazama watoto wakawa wameshampa jina: Mjomba Kontena. Kambi hii ilipofunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, ilikusudiwa watu elfu kumi na ushee. Leo tumepita elfu hamsini, na Kontena akianza kukoroma usiku naapa nusu yao wamelala sebuleni kwangu.

Bidhaa zikaja, wateja wakabaki Lilongwe. Kutoka hapa mpaka mjini ni kilomita arobaini na kitu, unatoka mpaka njia panda ya Dowa, unashika barabara kuu, na kutoka kwenyewe kuna habari ya kibali. Kwa hiyo biashara ikahamia kwenye simu. Mama wa Area 25 anapiga, mama wa Kawale anapiga, wa kule Tsoka anapiga, na wote wanauliza swali moja: "Kile kikwembe cha ndege bado kipo?"

Ndege yupi, mama? Kikwembe hakielezeki kwa simu. Mke wangu ataita rangi hii embe, mwenzake ataiita haradali, mimi nitasema njano, na wote wawili watanitazama kwa huruma. Majina ndiyo kabisa. Ile kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 kule Helmond, Uholanzi, michoro yake ikitoka kiwandani inakuwa na namba tu; majina yanakuja baadaye, wanayatoa akina mama wa sokoni, na kila soko lina ya kwake. Mchoro wa ndege anayetoka kizimbani, wale wa Kifaransa wanauita "Si tu sors, je sors": bwana ukitoka, nami natoka. Vya Kontena vingi ni vya Uchina, lakini jina halichagui kiwanda. Mke wangu anacho kipande chake cha ndege huyo, na hukivaa kanisani Jumapili kila ninapochelewa kurudi mpirani Jumamosi. Haniambii neno. Anapita mbele yangu tu, ndege akiwa mgongoni.

Mke wangu huyo, mama Neema, sisi wa nyumbani tunamwita Madamu Ushuru, kwa sababu hakuna kwacha iliyowahi kuvuka mlango wetu bila kukatwa. Yeye ndiye aliyetoa amri. "Papa Neema," aliniambia, "kila kitu kipigwe picha, picha ikae pembeni ya bei yake, tuwatumie watu waone. Nimechoka kuelezea ndege."

Ukisikia "kila kitu kipigwe picha" unadhani ni kazi ya jioni moja. Hujamfahamu Koko Gavana.

Koko Gavana ni mama mkwe wangu. Alikuwa muuza vikwembe soko la Uvira, kule Kongo, kabla hatujazaliwa akili, na cheo cha ugavana hakupewa na mtu, alikishika. Ilionekana kwamba kikwembe kikitandazwa sakafuni hakisemi kitu, lazima kivaliwe. Madamu Ushuru alisema ana kazi. Neema, mkubwa wetu, alisema wenzake wa shule wataziona hizo picha, afadhali afe. Kabla hatujamaliza kujadiliana, Koko alikuwa ameshasimama ukutani amejifunga kikwembe cha kwanza na kilemba juu.

Sasa wewe mwenye mkwe unaelewa. Kwetu mwanamume hamkodolei macho mama mkwe wake, sembuse kumwambia ageuke kidogo na aweke mkono kiunoni. Nikatoka nje, nikakaa na jirani kwenye kigogo, na kazi ya kupiga picha ikamwangukia kijana wetu wa kiume, Profesa. Ndani nilisikia amri zikitolewa, na hazikutoka kwa mpiga picha. Koko alikataa kupigwa mikono mitupu. Alisema picha ya mikono mitupu ni ya mtu anayeomba msaada. Kwa hiyo kwenye picha moja kashika sufuria, kwenye nyingine beseni, kwenye nyingine saa ya ukutani imeelekezwa kwetu ikisema saa nne kasorobo, na kwenye tatu nne hivi kamkumbatia jogoo wa jirani yule yule niliyekaa naye.

Profesa alifanya kozi ya kompyuta hapa kambini, na tangu siku hiyo hasemi "nimeandika", husema "nimeingiza". Aliingiza. Alifungua Excel kwenye laptopu tuliyoinunua kuukuu mjini, ile ambayo betri yake ilikufa kabla haijafika kwetu, hivyo umeme ukikatika nayo inakata roho, na mimi, ambaye cheo changu katika nyumba hii ni mshika tochi, naitwa. Safu ya kwanza jina, ya pili rangi, ya tatu bei, ya nne robota la ngapi, ya tano picha. Kusema kweli ilipendeza. Koko kila mstari, kavaa, kashika kitu, kakaza kidevu. Jirani waliitwa kuona.

Kilichokuwa kimefichika ni kwamba zile picha hazikuwa ndani ya jedwali. Excel ya zamani, na yetu ni ya 2010, inaipokea picha lakini haiingizi kwenye kisanduku. Picha inakaa juu yake kama inzi juu ya kitambaa cha meza: ukivuta kitambaa, inzi anabaki palepale. Maadamu hakuna anayevuta, huwezi kujua.

Mvutaji akaja Novemba ya mwaka huohuo wa 2023. Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na usiku mmoja bei zote za Kontena zikawa za kizamani. Madamu Ushuru akakaa na kalamu, akapandisha hapa, akapandisha pale, kisha akamwambia Profesa: "Vya ghali viwe juu, vya rahisi viende chini." Profesa alibofya. Majina yakapanda na kushuka, rangi zikafuata, bei zikafuata, namba za marobota zikafuata. Koko hakusogea hata hatua moja. Na Profesa, kwa sababu ni kijana na bando lilikuwa linakaribia kuisha, akatuma kwa wateja wote kabla mtu mzima yeyote hajatazama.

Simu ya kwanza ilitoka Area 25. Simu yetu ina spika mbovu, inasikika mpaka barabarani. "Mama Neema," sauti ikauliza kwa upole, "huyu bibi mnamuuza na sufuria yake au sufuria peke yake?"

Tukakimbilia laptopu. Koko Gavana, ndani ya kikwembe cha bei kubwa kuliko vyote, kilemba kimepigwa pasi, alikuwa amesimama kwenye mstari unaosema: "Sufuria ndogo, imebonyea, bei inapungua." Mstari wa chini yake, Koko na jogoo walikuwa ni "Viatu vya mtoto, mguu wa kushoto tu". Saa ya ukutani ilikuwa inauzwa kama beseni la bluu.

Nilitegemea Koko akasirike kwa kuwekwa sokoni. Wapi. Aliuliza kwanza ni shilingi ngapi. Mpaka leo kwacha anaiita shilingi. Profesa akamsomea. Akanyamaza, akanigeukia mimi ambaye wala sikugusa ile mashine. "Mkwe wangu, kwa hiyo mimi ni bei ya sufuria iliyobonyea?"

"Hapana Mama, ni kompyuta."

"Kompyuta inanijua mimi?"

Hilo swali nililala nalo.

Kikao cha familia kikaitishwa. Kontena, ambaye kila fani ana rafiki, alipiga simu mjini akaelezwa kwamba dawa ipo: picha unaipunguza mpaka iingie yote ndani ya kisanduku, isiguse mpaka wa jirani, halafu kwenye mipangilio yake unaiamuru iende na ibadilike ukubwa pamoja na kisanduku. Ukipanga upya, inafuata. Ni kweli, Profesa alijaribu ikakubali. Ila ili Koko aingie kisanduku kizima ilibidi awe na ukubwa wa ukucha, na kikwembe chenyewe kikawa doa. Madamu Ushuru alivaa miwani, akavua, akasema hakukopa pesa ya laptopu ili atazame madoa. Na Profesa akipanua visanduku ili picha zionekane, jedwali linakuwa refu kiasi kwamba mteja anachoka kabla hajafika kwenye mabeseni.

Halafu kuna uzito. Picha ya simu siku hizi haipungui megabaiti tatu nne. Zijaze kwenye faili moja, na laptopu yetu ikilifungua inaunguruma, inapata joto, na Kamanda, kitinda mimba wetu, anapenda kuweka miguu pale wakati wa baridi. Kutuma faili la namna hiyo ni kula bando la wiki. Wanasema matoleo mapya ya Excel, tangu 2023, yanaweza kuiweka picha ndani ya kisanduku chenyewe kabisa, na Google nao wanayo fomula ya kuita picha iliyoko mtandaoni kwa anwani yake. Vizuri sana. Toleo jipya linalipiwa, na picha ya mtandaoni inataka mtandao. Niliyaweka hayo yote kwenye faili la mambo mazuri ya watu wengine.

Aliyetusogeza mbele ni Neema, akiwa anasuka nywele, hata kichwa hakuinua. "Picha yangu mimi iko kwa UNHCR tangu niko mdogo," alisema, "na sijawahi kuamka nimeandikwa jina la Mjomba Kontena."

Nikakumbuka. Mwaka 2013, UNHCR walipotaka kujaribu mfumo wao wa kutambua watu kwa alama za vidole vyote kumi, macho mawili na picha ya uso, waliujaribu hapahapa Dzaleka, kabla haujapelekwa Thailand na kwingineko. Koko siku ile alirudi nyumbani amechangamka, alipenda sana kutazamwa macho kwa mashine, na aliuliza kama anaweza kurudia. Huko ndani hakuna aliyebandika uso wa mtu juu ya jina lake. Mtu ana namba. Jina lina namba hiyo, uso una namba hiyo, familia nayo ina namba yake. Panga kwa umri, panga kwa nchi, panga kwa herufi, namba ndiyo inayokwenda kumtafuta mwenyewe. Wanaojenga hifadhidata wengi hufanya hivyo na bidhaa pia: picha zinakaa kwenye folda yake, na kwenye jedwali panaandikwa tu jina la faili la picha. Jedwali linabaki jepesi, na picha haiwezi kupotea njia kwa sababu haijaanza safari.

"Basi tuzipe namba," akasema Profesa, akaenda kuzichukua picha kwenye simu. Hazikuwepo. Kamanda alikuwa amezifuta zote ili apate nafasi ya mchezo wa magari. Alipoulizwa alijibu kwamba Koko yupo, si mumpige tena.

Hapa nimsifu kijana wangu, maana sifa hazina msimu nyumbani kwetu. Alichukua nakala ya lile faili la Excel, akafuta ule mkia wa "xlsx" mwishoni mwa jina, akaandika "zip". Likafunguka. Kumbe faili la Excel ni kifurushi kilichobanwa. Ndani yake kuna folda inaitwa "xl", ndani yake nyingine inaitwa "media", na humo walikuwa wamejipanga akina Koko wote, wazima. Tulishangilia. Kisha tukatazama majina: image1, image2, image3, mpaka mwisho. Excel inapoihifadhi picha inaivua jina lake na kuipa hilo. Tulikuwa na picha zote na hatukujua hata moja ni ya robota gani.

Ndipo Koko Gavana akaenda chumbani, akarudi na daftari.

Nataka ulione hilo daftari. Ni la shule, kurasa zimevimba, halifungiki, limekazwa kwa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli. Kila ukurasa una vipande vya vikwembe, upana wa vidole viwili, vimeshonwa kwa uzi mweusi kwenye karatasi, si gundi, maana gundi inaliwa na panya. Pembeni ya kila kipande, namba kwa wino. Pembeni ya namba, bei kwa penseli. Niliuliza kwa nini penseli. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya mahari. "Pesa inaanguka, mkwe wangu. Namba haianguki." Ndivyo alivyofanya Uvira, na wakati sisi tunahangaika na kompyuta alikuwa ameshaingiza mali yote ya Kontena, robota kwa robota, akikata ncha ya kila kikwembe kwa mkasi wa kucha.

Kontena alipoelewa kwamba kila kikwembe chake cha yadi sita kina pembe moja imelika, alitoka nje akazunguka nyumba. Alirudi, akaketi, akamwita dada yake kwa jina lake la utotoni. Hakuna aliyemsikiliza, Profesa alikuwa anasoma namba, Neema analinganisha vipande na picha, Madamu Ushuru anaandika, na mimi nimeshika tochi.

Sasa picha ya kikwembe namba 14 inaitwa K014, inakaa kwenye folda, na Excel ina safu ya namba ambayo ukiibofya picha inafunguka. Tumepanga kwa bei, kwa rangi, kwa robota, na Koko hajahamishwa tena. Kamanda amekatazwa kubadilisha jina la folda, kwa sababu aliwahi kuiita "Magari" na milango yote ikajifunga.

Lakini ukituma picha kwa WhatsApp, ikifika upande wa pili haiitwi K014 tena. Inaitwa IMG, tarehe, WA na tarakimu nne. Mteja anasema nataka IMG ile, nani anaijua? Profesa akaamua namba iwe ndani ya picha yenyewe. Tukapiga upya zote, Koko akafurahi mno, safari hii kashika kifuani kibao kilichoandikwa namba kwa chaki. Jirani mwenye jogoo alichungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema picha hizo zingefaa sana hapa Dzaleka enzi za gereza. Tangu hapo jogoo wake haazimwi tena.

Na usidhani mambo ya data yameisha. Sehemu za kambi hii zina majina ya miji na vitongoji vya Malawi: tunayo Zomba yetu, Blantyre yetu, Kawale yetu, Likuni yetu. Lilongwe nao wana Kawale na Likuni yao, yenye hospitali ya misheni. Mteja mmoja aliandika kwamba yuko Likuni, Profesa akaingiza "Likuni", na Kontena akaomba kibali, akalipa minibasi, akashinda jua kali Likuni ya mjini akiuliza mama asiyejulikana na mtu. Mama mwenyewe alikuwa Likuni ya hapa kambini. Jioni alikuja kwa miguu na mtoto mgongoni, akauliza mbona kikwembe chake kimechelewa. Jedwali letu sasa lina safu inayoitwa "Likuni gani".

Wateja wameanza kuagiza kwa kumtazama Koko. Wanataka namba 22 na kilemba alichovaa bibi, na vilemba ni vya Koko, havikuwa vya kuuza. Madamu Ushuru ameona mlango wa ushuru hapo. Koko naye ametoa madai: anataka mstari wake kwenye Excel, wenye namba, picha na bei, ili lile jambo la sufuria lifutwe rasmi. Namba tumempa, picha amechagua mwenyewe. Bei bado inajadiliwa, na Kontena ametolewa kwenye kikao kwa kuuliza kama ni ya jumla au ya rejareja.